Mashine ya Kutosha

Swali ninalotaka kulizungumza hapa lina sura ya swali la dukani, na wapo walionicheka nilipoliita swali la maadili. Ni hili: mtu akinunuliwa zana ya kazi kwa fedha za wengine, ana haki ya kupata zana kubwa kiasi gani? Je, apewe ya bei rahisi kuliko zote, kwa kuwa fedha si zake? Ama apewe iliyo bora kuliko zote, kwa kuwa kazi ni yake na maisha ni yake? Wengi hujibu upesi kwamba apewe ya kutosha. Ni jibu la busara, walakini halijasema kitu mpaka tujue ni kutosha kwa ajili ya nini, na nani mwenye kupima.

Swali lenyewe halikunijia kwa kusoma vitabu. Mwaka 2024 mpwa wangu, binti wa dada yangu aishiye Muheza, alikuwa mwaka wa tatu akisomea usanifu majengo katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Miaka miwili ya mwanzo alijikokota kwa kompyuta za chuo na za kuazima kwa rafiki. Mwaka wa tatu kazi zikazidi, na juu ya masomo alikuwa amekwisha kuanza kujipatia riziki ndogo kwa kubuni kadi za harusi, mabango, na nembo za maduka. Ukoo ukakaa, ukachanga. Zikapatikana shilingi 2,800,000. Katika hizo, 900,000 zilikuwa za mama yake, nazo zilitokana na machungwa ya misimu miwili. Nyingine zilitoka kwa kaka zetu, kwa shangazi yake aliyekuwa amepokea zamu yake ya upatu, na kwangu mimi. Kisha wakasema: wewe uliyechora ramani maisha yako yote, wewe ndiwe utakayechagua.

Nikapewa fedha za watu wanane mkononi, na binti mmoja anayenitazama usoni.

Nieleze kwanza nilikotoka, maana mzee akiulizwa habari za zana ana kishawishi chake maalumu. Nilijifunza kuchora miaka ya 1980 katika Chuo cha Ardhi, kile ambacho mwaka 1996 kilifanywa chuo kikuu kishiriki na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi. Zana zetu zilikuwa ubao wa kuchorea, rula ndefu yenye umbo la herufi T, pembetatu mbili, karatasi angavu, na kalamu za Rotring zenye ncha za unene mbalimbali: 0.18, 0.25, 0.35, 0.5. Ukikosea mstari wa wino, unachukua wembe na kuukwangua polepole mpaka karatasi itoe manyoya, kisha unaisugua kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Ukikwangua mahali pamoja mara tatu, karatasi inatoboka nawe unaanza upya.

Kishawishi cha mzee ni kusema: sisi tulitumia wembe na majengo yamesimama. Tena ushahidi anao. Soko kuu la Kariakoo, lililokamilika mwaka 1975, lilichorwa na Beda Amuli na watu wa ofisi yake kwa mikono. Yale mapaa yake ya zege, yaliyosimama kama miavuli iliyopinduliwa ili yakusanye maji ya mvua na kuyateremsha chini, hayakuchorwa na kompyuta yoyote. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko lile, lakini hata moto haukuyafuta yale aliyoyawaza Amuli. Na maduka tuliyoyazungukia mimi na mpwa wangu kutafuta laptopu yako hatua chache tu kutoka pale. Anayesema kwamba bila mashine kubwa hapana usanifu, jengo lile linamsuta.

Hata hivyo nilikataa kuitumia hoja hiyo dhidi ya mtoto. Si hoja ya haki. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alipoonyesha kule Marekani kwamba mtu aweza kuchora kwenye kioo cha kompyuta, ile kompyuta ilikuwa ya kuenea chumba kizima. AutoCAD ilipotoka mwaka 1982, na ArchiCAD ya Hungaria miaka miwili baadaye, zilianza kuingia katika ofisi za kawaida. Lakini mageuzi makubwa yalikuja na programu za namna ya Revit, iliyotoka mwaka 2000. Kwenye ubao wangu ukuta ulikuwa mistari miwili, na maana ya ukuta ilikuwa kichwani mwangu. Katika programu hizi ukuta ni ukuta: una kimo, una unene, una matofali, na ukiusogeza katika ramani unasogea pia katika mchoro wa pembeni na katika hesabu ya vifaa. Ofisi zinazoajiri zinataka kijana anayeijua kazi hiyo. Walimu wanaidai. Kumwambia mwanafunzi wa leo achore kwa mkono kwa kuwa Amuli alichora kwa mkono ni sawa na kumwambia fundi cherehani ashone suti kwa sindano ya mkononi, kisha umlaumu kwa kuchelewa. Uhodari wa wazee si ruhusa ya kuwanyima watoto.

Basi tukaenda Kariakoo, na kila mtu alikuwa na mashine yake ya kupendekeza. Muuzaji mmoja, kijana mchangamfu sana, alituletea laptopu ya wachezaji wa michezo ya kompyuta, yenye taa za rangi chini ya herufi, kwa shilingi 3,400,000. Alisema ina kadi ya picha ya nguvu ajabu. Ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa na uzito wa karibu kilo mbili na nusu, chaja yake peke yake ilikuwa kama tofali dogo, na mashine za namna ile nguvu yake kamili hupatikana zikiwa zimechomekwa ukutani. Umeme ukikatika zinabaki na betri, na kwa betri zinatembea kwa mwendo mwingine kabisa. Msomaji aishiye mjini kwetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Binamu yake mmoja alisisitiza zile za Apple. Alisema mteja akiiona mezani anaongeza heshima, na heshima ni fedha. Nilimsikiliza, kwa maana si upuuzi. Nimeshuhudia mtu akipunguziwa malipo kwa sababu tu begi lake lilikuwa limechanika. Mashine za Apple za tangu mwisho wa mwaka 2020 ni nyepesi, hazipati joto sana, na betri yake inadumu. Kwa kazi za kadi na mabango ningemkubalia. Lakini Revit ni programu ya Windows, haikutengenezwa kwa ajili ya Apple, na walimu wake walitaka Revit. Tena kumbukumbu ya mashine zile haiongezwi baada ya kununua. Uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.

Dada yangu, kwa simu kutoka Muheza, alitaka jambo moja tu: iwe mpya. Jambo hili nitalirudia.

Mimi sikutaka kuchagua kwa kusikiliza wauzaji, na sikutaka pia kuchagua kwa kukisia. Nilimwambia mpwa wangu anunue daftari la shilingi mia tano. Nikamwomba kwa siku kumi na nne, kila anapotumia kompyuta ya kuazima, aandike mambo matatu: alikuwa akifanya nini, alingoja muda gani, na wakati anangoja alifanya nini. Alifikiri namtania.

"Mjomba, niandike nimekaa tu?"

"Andika hivyohivyo, mwanangu. Kama umekaa, andika nimekaa."

Daftari lile lilinifundisha kuliko maduka yote. Nilidhani, na yeye alidhani, kwamba tabu yake kubwa ni ile kazi wanayoiita kurenda, yaani kuiacha mashine itengeneze picha ya jengo lenye mwanga na vivuli kana kwamba limekwisha kujengwa. Kwa hiyo alikuwa akiota kadi ya picha kubwa. Na kweli, kurenda kulichukua muda mrefu kuliko kitu chochote: mara moja kulichukua saa sita. Lakini katika safu ya tatu, mbele ya hizo saa sita, aliandika neno moja: "Nililala." Alirenda mara tano katika wiki mbili, na zote tano alilala, au alikwenda kufua, au alikwenda darasani.

Kwingineko palikuwa na kungoja kwa namna nyingine. Kuhamisha ukuta na kusubiri uhamie: nusu dakika. Kutoka ramani ya chini kwenda mchoro wa kukata: dakika. Kurudi: dakika. Siku moja alihesabu mara sitini na moja kisha akachoka kuhesabu. Na katika safu ya tatu, siku ile na siku nyingine, aliandika mara kwa mara: "Nimesahau nilichotaka kufanya."

Hapo ndipo nilipoona kwamba kungoja si kitu kimoja. Iko namna ya kungoja inayomwacha mtu huru, akafanya mengine, na roho yake ikapumzika. Na iko namna inayomshika mtu mkono katikati ya wazo. Saa sita za kwanza hazikumpotezea chochote; nusu dakika hizi zilikuwa zikimpokonya jengo kichwani kabla hajalimaliza. Nami nilizikumbuka kalamu zetu. Wino wa Rotring ulihitaji kukauka, nasi tulikaa tukiutazama, na katika kule kukaa tuligundua kwamba mlango umekaa pabaya. Hakuna aliyelalamikia kukauka kwa wino. Lakini ncha ya 0.18 ilipoziba katikati ya mstari, ukaanza kuitikisa na kuikung'uta na kuiosha, ulipoirudisha kwenye karatasi ulikuwa mtu mwingine. Kalamu iliyoziba tuliilaani, naye mwanafunzi mwenye uwezo alinunua ncha mpya bila ya mtu kumwona mbadhirifu.

Kwa hiyo nilipata kipimo, walau kwangu mimi. Fedha za ukoo zina wajibu wa kuondoa kule kungoja kunakovunja wazo. Hazina wajibu wa kuondoa kungoja kote. Mwanafunzi kulala mashine ikifanya kazi si unyonge. Kununua mashine ya shilingi milioni nne ili saa sita ziwe saa moja, mara tano kwa wiki mbili, hali mama yake anauza machungwa, hilo nilishindwa kulitetea mbele ya nafsi yangu. Akiajiriwa katika ofisi inayotoa picha kumi kwa siku, hapo hesabu itakuwa nyingine, na ofisi itanunua.

Kwa lugha ya dukani kipimo hicho kilitafsirika hivi. Programu za kuunda jengo hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kiini kimoja cha prosesa, kwa hiyo prosesa yenye viini vingi lakini kila kimoja kizembe haikusaidii kitu pale unaposogeza ukuta. Na zaidi ya prosesa kuna ile kumbukumbu ya kazi, ambayo vijana huiita RAM. Hiyo ni kama meza ya kuchorea. Diski ni kabati. Meza ikiwa ndogo, kila karatasi unayotaka kuitazama lazima uifuate kabatini na nyingine uirudishe, na kule kwenda na kurudi ndiko kulikomsahaulisha mpwa wangu alichotaka kufanya. Mashine aliyokuwa akiazima ilikuwa na gigabaiti nane. Kwa kazi yake kumi na sita ndio mwanzo wa heshima, thelathini na mbili ndiyo raha. Jambo la msingi likawa kupata mashine ambayo fundi anaweza kuifungua na kuipanua meza yake.

Zaidi ya hapo liko suala la joto, ambalo wauzaji hawalisemi. Mashine nyembamba ikipata joto hujipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Katika chumba chenye kiyoyozi hutaliona hilo. Katika chumba cha kupanga Sinza, mwezi wa Februari, utaliona kabla ya saa sita mchana.

Nilikuwa karibu kuridhika, ndipo nilipokumbuka kioo. Katika kioo niliona sura nyingine ya swali letu, maana mpaka hapo nilikuwa nikipima haki baina ya binti na ukoo tu, na kumbe kuna mtu wa tatu. Laptopu nyingi za bei ya chini zina vioo vinavyoonyesha karibu theluthi mbili tu ya rangi zilizomo katika kile kipimo cha kawaida kiitwacho sRGB. Msanii anayefanya kazi kwenye kioo kama hicho haoni anachokifanya. Mpwa wangu alikuwa amebuni kadi za harusi kwa kompyuta ya kuazima; kwenye kioo zambarau ilikuwa ya upole, na zilipotoka kwa mchapaji zilikuwa za kupiga kelele. Sehemu ya tofauti hiyo haiepukiki: kioo huchanganya mwanga na mchapaji huchanganya wino wa rangi nne, na ziko kijani na buluu za kioo ambazo wino hauzifikii hata ufanye nini. Lakini sehemu nyingine ilikuwa ni kioo kusema uongo. Bibi harusi alilipa, kwa kuwa siku zilikuwa zimekwisha, na kadi zikaenda.

Zana dhaifu, basi, gharama yake haiishii kwa mwenye zana. Mara nyingi humwangukia mteja, ambaye hakuulizwa wakati wa kununua, wala hajui kwamba yeye ndiye aliyelipa tofauti. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaohubiri kwamba mtu wa fedha za kuchangiwa achukue ya rahisi kuliko zote na kushukuru. Ubahili nao una dhuluma yake, ila huvaa kanzu ya unyenyekevu.

Tulinunua mashine iliyotumika, ya aina ya zile zinazotengenezwa kwa ajili ya wahandisi, iliyokuja na shehena kutoka Ulaya: prosesa ya mwendo mzuri, kadi ya picha ya wastani, kioo kinachoonyesha rangi zote za kile kipimo, na nafasi tupu ya kuongeza kumbukumbu. Shilingi 1,750,000. Fundi wa ghorofa ya pili akaongeza kumbukumbu ikafika thelathini na mbili, kwa 150,000. Betri mpya 180,000, na diski ya nje ya kuwekea nakala 220,000, kwa maana kazi isiyokuwa na nakala haijawa kazi bado. Zikabaki 500,000.

Dada yangu alipoambiwa kwamba ni mtumba, alinyamaza kwenye simu. Nilijua maana ya ukimya ule. Binti yake ni wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu, na yeye kwa mikono yake ametoa 900,000, kisha mtoto apewe kitu kilichoachwa na mtu mwingine. Nilianza kumweleza habari za prosesa na kioo, nikaona naongea lugha ambayo si ya maumivu yake. Hakuwa akiuliza kama mashine ni nzuri. Alikuwa akiuliza kama mwanawe ameheshimiwa.

Wapo watakaosema hilo ni jambo la hisia na halina nafasi katika kupima. Mimi naona lina nafasi, ingawa si ya kwanza. Kiswahili chenyewe kinanisaidia hapa. Dukani watu husema laptopu, jirani zetu wa Kenya wana kipakatalishi, na katika maandishi yetu ya siku hizi utakuta kompyuta mpakato. Majina yote mawili ya Kiswahili yametoka katika kupakata, na kitu tulichozoea kukipakata ni mtoto. Huwezi kuwa na kitu cha kupakata halafu ukashangaa kwamba mama ana maoni juu yake. Nilimwambia dada kwamba nitamtumia zile 500,000 zilizobaki. Akakataa, akasema ziwe za shida ya mashine. Mwishowe tulikubaliana zikae kwa shangazi mwenye upatu, ambaye ni mtunzaji hodari, na ambaye hatoi shilingi bila maelezo.

Hapo wengi wangelifunga daftari. Lakini mashine tupu haichori. Ina hitaji la programu, na hapo hesabu yetu yote nzuri ilitikisika.

Tangu mwaka 2013 Adobe, wenye Photoshop, walitangaza kwamba matoleo mapya hayatauzwa tena kwa malipo ya mara moja. Ni ada ya mwezi ama ya mwaka. Autodesk, wenye AutoCAD na Revit, walifuata njia hiyo mwaka 2016. Kwa bei ya Marekani, ada ya mwaka mmoja ya Revit peke yake inazidi fedha zote tulizochanga. Na kila mtu mjini anajua jinsi watu wanavyolitatua hilo: kijana mwenye diski anakuwekea programu zote, zilizovunjwa kufuli, kwa bei ya chakula cha mchana. Yule fundi wa ghorofa ya pili alikwisha kuanza kuziweka kabla hatujamwambia lolote. Kwake ilikuwa sehemu ya ukarimu.

Nilimwambia asubiri. Mpwa wangu akaniambia, kwa adabu lakini kwa uthabiti:

"Mjomba, wenzangu wote wanatumia hizo. Na wenyewe kampuni wanajua. Wanatuacha tuzoee, ili tukiajiriwa ofisi zije zinunue."

Nakiri hoja hiyo ina nguvu, na aliongeza nyingine yenye nguvu zaidi: kwamba bei ile imewekwa kwa mshahara wa Chicago, na anayempangia mtu wa Sinza bei ya Chicago asishangae mtu wa Sinza akiruka ukuta. Watu wengine huwajibu vijana kwa kuwatisha habari za virusi. Ni kweli, programu hizo mara nyingine huja na wageni wabaya. Lakini hiyo ni hoja ya hofu, na siku ikipatikana nakala safi hoja imekufa.

Nilimjibu kwa kumpeleka Kimara. Iko nyumba kule niliyoichora miaka mingi iliyopita, yenye baraza lililokunjwa kufuata mteremko, na ngazi inayopita nje ya sebule. Ilinichukua miezi miwili, kwa sababu ya ule mteremko. Mwenye nyumba alinilipa vizuri. Kisha akaiazima ramani kwa jirani, jirani akaiazima kwa shemeji yake, na leo ziko nyumba tatu zenye baraza langu, mbili kati yake zimejengwa penye tambarare, ambapo mkunjo ule hauna maana yoyote. Nimepata kumwuliza mmoja wao. Alinijibu bila ubaya wowote: "Mzee, ramani si karatasi tu?"

Tulisimama barabarani tukizitazama. Nikamweleza kwamba katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya usanifu majengo na programu ya kompyuta zimelindwa chini ya paa moja. Mtu anayetaka kuishi kwa kuuza mawazo yaliyo juu ya karatasi ana ugumu wake wa pekee katika kuchukua mawazo ya mwenzake yaliyo juu ya diski. Muuza machungwa anaweza kutumia programu ya kuiba, akawa amekosea, lakini hajakata tawi alilokalia. Yeye atakuwa amekaa juu yake.

Hakunijibu pale. Katika daladala ya kurudi akasema: "Lakini wewe nyumba yako ililipwa mara moja. Wao wanataka kila mwezi." Nikamwambia ni kweli. Sikuwa na jibu, na sina hata sasa.

Tulichofanya ni hiki. Kwa kazi za chuo alichukua leseni ya mwanafunzi, ambayo Autodesk huitoa bure na huhuishwa kila mwaka, ila hairuhusiwi kwa kazi ya malipo. Kwa kazi za kadi na mabango anatumia programu zisizo na ada: Inkscape kwa nembo, Krita kwa kuchora, Scribus kwa kupanga kurasa. Na kwa picha za majengo anatumia Blender, ambayo habari yake ilimfurahisha kuliko mahubiri yangu yote. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa na Blender ilikuwa imekufa, na wenye mali walikubali kuiachia kwa euro 100,000. Watumiaji walichanga kwa wiki saba, zikatimia, ikawa ya watu wote.

"Kumbe nao walikaa kikao," alisema.

Si kwamba mambo yamekuwa mepesi. Ametumia miezi mitatu kujifunza upya vitu alivyokuwa akivifanya kwa macho yaliyofumba. Mchapaji mmoja alikataa faili zake, akitaka ziwe za Illustrator; mwingine alizipokea kwa PDF bila neno. Kazi ya kalenda za duka moja, ambayo ingemlipia chumba miezi miwili, ilikwenda kwa kijana mwingine kwa sababu mteja alitaka apewe faili la programu ambayo yeye hana. Aliniambia habari hiyo kwa simu, bila kunilaumu, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama angenilaumu.

Siku atakapohitimu leseni ya mwanafunzi itakoma, na jengo la kwanza la malipo halitangoja. Shangazi bado ameshika zile 500,000. Mpwa wangu ameanza daftari jingine. Safari hii upande mmoja ameandika ada ya mwaka, na upande wa pili ni nyumba ngapi atalazimika kuchora ili kuilipa. Nilimwuliza hesabu imefika wapi. Akasema bado anasubiri kujua watu wa mjini watamlipa kiasi gani kwa ramani moja.